Tyubu tano za krimu ya azelaiki, na cherehani iliyohama mlangoni

Leo asubuhi tyubu ya tano imegoma kutoa. Nimeikata katikati kwa mkasi wa kazini, ule ambao hata mume wangu haruhusiwi kukatia karatasi, nikakomba kwa kidole kilichobaki ndani. Kitu cha shilingi 38,000 hakitupwi kikiwa bado na chochote. Na mtu aliyemaliza tano nadhani ana haki ya kusema neno.

Ninayoizungumzia ni krimu ya asidi ya azelaiki ya asilimia 20, tyubu ya gramu 30, ninayopaka kwa ajili ya mabaka meusi ya usoni. Nilianza Aprili, sasa ni Novemba. Nimeitumia hapahapa Tanga, kwa jua la hapa na jasho la hapa, kwa hiyo ukisoma ukiwa Makorora au Pongwe jua kwamba hali yako ndiyo yangu. Kwa asiye na muda wa kusoma mpaka chini: inafanya kazi, inafanya polepole mno, na peke yake ingenishinda. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaeleza imeenda wapi.

Mie ni fundi cherehani Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za namba. Rangi yangu ni maji ya kunde. Baka lilianza miaka miwili iliyopita wakati wa kaskazi, shavu la kulia, kivuli tu. Nikadhani ni chaki ya bluu ya kuchorea vitambaa, nikaosha, halikutoka. Baada ya miezi kadhaa lilikuwa limepanda mpaka kwenye kipaji, limevuka pua, limehamia shavu la pili, na juu ya mdomo limechora kitu kama sharubu. Mwanangu wa darasa la pili akaniuliza mbele ya wateja, "Mama, umejipaka masizi?" Watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Hili lilikuja, likavua viatu, likaomba na mkeka.

Kwanza nilifanya kile wanachofanya wanawake wengi wa mtaani kwetu, nikakata ndimu. Nilikuwa nikisugua jioni, ila siku moja kwa haraka nikasugua asubuhi, kisha huyo nikapanda baiskeli kwenda Mgandini kununua mboga. Kurudi nyumbani mashavu yanawaka kama nimemwagiwa uji. Kesho yake vijimalengelenge, na wiki iliyofuata weusi mpya mahali ambapo hapakuwa na weusi wowote. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba ndani ya ndimu mna kemikali ambazo zikikaa juu ya ngozi na kupigwa na jua huiunguza, na ngozi nyeusi ikiungua hujibu kwa kumwaga rangi zaidi. Ndimu iacheni kwenye samaki.

Liwa nayo nilijaribu. Msio wa bibi yangu ninao mpaka leo, nikasaga, nikapaka wiki nzima. Liwa hupoza uso, inanukia, haijanidhuru hata kidogo, na baka halikushughulika nayo kabisa.

Halafu nikafanya jambo ambalo naona haya kuliandika. Nilikwenda duka la vipodozi, silitaji jina wala mtaa, na yule dada muuzaji akachukua kibakuli, akaminya tyubu tatu tofauti, akaongeza losheni, akakoroga kwa kijiti, akanitilia kwenye kikopo kisicho na jina wala tarehe. Shilingi 12,000. Nikamuuliza, "Huu si mkorogo huu?" Akasema, "Hapana mama, hii ni ya kutakatisha tu." Nikaliamini lile neno kutakatisha kwa sababu nilitaka kuliamini.

Wiki ya pili nang'aa. Wifi yangu akanisifu, mteja mmoja akaniuliza napaka nini, na mie bila aibu nikamwelekeza dukani. Wiki ya sita mambo yakageuka. Kidevu kikajaa chunusi, mashavuni vikatokea vishipa vyekundu vyembamba kama nyuzi za kudarizi, jua likawa linanichoma hata la saa moja asubuhi, na vinyweleo vikaota kidevuni. Nikiacha siku mbili uso unavimba na kuwasha, nikirudia unatulia. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimefungwa kamba. Baka lenyewe lilipauka kwa mwezi mmoja, kisha likarudi jeusi kuliko lilivyokuwa. Na mafundo ya vidole, kwa kuwa mikono ndiyo iliyokuwa ikipaka, yakaanza kuota zile sugu tunazozichekea kwa wenzetu.

Aliyeniokoa ni jirani yangu muuguzi. Alikuja kuchukua sare zake, akanitazama usoni, hakuniuliza napaka nini. Aliniambia tu siku ambazo daktari wa ngozi anapatikana na akaniambia nibebe kikopo changu.

Kliniki ni ya binafsi, hapa mjini. Huduma yao nitaisema ilivyo. Nilifika saa mbili asubuhi, nikaingia kwa daktari saa saba mchana, na kwenye benchi hakuna aliyekuwa akitueleza foleni inakwendaje. Mama mmoja aliyetoka Muheza na mtoto mwenye upele aliondoka bila kuonwa kwa kuhofia kukosa gari. Ada ya kumwona daktari shilingi 20,000. Kwa upande wa mapokezi, nyota moja, tena ya huruma.

Ila daktari mwenyewe, Mungu ampe umri. Alisomea ngozi Moshi, kwenye kile kituo cha kanda cha mafunzo pale hospitali ya KCMC kilichoanzishwa 1992, na inaonekana kule huwafundisha kuuliza kwanza na kuandika baadaye. Unafanya kazi gani? Unakaa upande gani wa dirisha? Mama yako alikuwa nayo? Uzazi wa mpango unatumia nini? Nikamwambia nachoma sindano ya miezi mitatu, mwaka wa tatu sasa. Akatikisa kichwa. Baka langu linaitwa melasma, na mizizi yake ni mitatu: homoni (za ujauzito, za vidonge au sindano), urithi, na jua. Mama yangu alikuwa nalo alipombeba mdogo wangu wa mwisho, na miaka yote tulisema ni damu ya ujauzito imepanda usoni. Sindano hakuniamrisha kuiacha papo hapo. Alinituma nikazungumze na muuguzi wa uzazi wa mpango, nami nikaishia kwenye kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni.

Alinizimia taa za chumba akanimulika na taa ya mwanga wa zambarau. Weusi ulio juujuu ya ngozi hujitokeza zaidi chini ya ile taa, na ulio chini haujitokezi. Akasema kwa ngozi zetu nyeusi taa haisemi yote, ila langu lilionekana kuwa mchanganyiko, sehemu juu na sehemu chini. La juu lingeondoka kwa miezi. La chini lingechukua muda mrefu zaidi na pengine lisiishe lote. Kisha akatamka neno ambalo siku ile lilinichukiza: hili haliishi likasahaulika kama malaria, hutulizwa, na ukilegeza linarudi.

Kile kikopo alikifungua, akakinusa, akakifunga. Alisema hawezi kujua kilichomo bila maabara, lakini kwa uso wangu anaweza kukisia. Mikorogo ya namna ile mara nyingi huwa na mojawapo ya vitu vitatu, au vyote. Haidrokwinoni, ambayo hospitali huitumia kwa kipimo na kwa muda maalumu, lakini ukiipaka ovyo kwa miaka ngozi inaweza kugeuka ya bluu na kijivu, weusi ambao karibu hauondoki. Zebaki, ambayo haiishii kwenye ngozi, huingia mwilini ikaenda kuharibu figo. Na steroidi kali kama klobetasoli, ambayo ndiyo inayokufanya ung'ae wiki ya pili na kuota vinyweleo wiki ya sita, huku ikila unene wa ngozi. Haidrokwinoni na zebaki sheria yetu imezipiga marufuku kwenye vipodozi, na steroidi ni dawa ya cheti, si ya kibakuli. Tangu 2019 vipodozi vimehamia TBS, shirika la viwango, na iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, imebaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Kikopo changu hakikuwa na alama ya yeyote kati yao. Hakikuwa na alama ya chochote.

Kabla ya krimu ilibidi kwanza nitoke kwenye mkorogo, na wiki tatu zile sizitamani tena. Daktari alinipa mafuta laini yasiyo na harufu, akanionya kwamba uso utanuna. Ulinuna kweli. Nilikuwa nikishona nimejifunika mtandio mpaka machoni, wateja wanadhani nimepatwa na msiba.

Sasa krimu yenyewe. Ni nzito, nyeupe, haina harufu. Unachukua kiasi cha punje ya mbaazi, unapaka kwenye baka na kando yake kidogo, asubuhi na usiku. Nilianza mara moja kwa siku mbili kwa sababu uso wangu ulikuwa umechoka, na ndiyo njia ninayomshauri yeyote mwenye ngozi iliyopitia mkorogo. Ikishika inawasha. Si maumivu, ni kama mtu amekata pilipili chumba cha pili nawe umejifuta uso. Dakika kumi, kumi na tano, inapita. Mwezi wa kwanza ilinijia karibu kila siku, mwezi wa pili nikaisahau. Ukipaka mafuta laini kwanza, ukasubiri yakauke, mwasho hupungua sana.

Kasoro yake ya kimaumbile ni kwamba ukizidisha inatoka ukoko, vijipunje kama makombo ya kifutio, hasa ukipaka kitu kingine juu kabla haijakauka. Nilikwenda harusi Chumbageni na vile vijipunje kwenye kipaji, shoga yangu akawa ananifuta kama mtoto aliyekula mkate. Subiri dakika tano kati ya tabaka na tabaka.

Inavyofanya kazi daktari alinieleza kwa lugha ya kufahamika. Kwenye ngozi mna seli zinazotengeneza rangi, na ndani yake mna kimeng'enya kinachopika rangi hiyo. Azelaiki humpunguzia moto mpishi, na humwandama zaidi yule anayepika kupita kiasi kuliko anayepika kawaida. Ndiyo maana haichubui uso mzima. Ngozi yangu ya kando imebaki maji ya kunde ileile. Hii ni sifa kubwa, ijapokuwa ina gharama yake: hakuna atakayekusifu kwamba umetakata. Asidi hii imo kwenye nafaka kama ngano na shayiri, na wataalamu waliifuatilia baada ya kuona kwamba fangasi anayetia watu mabaka ya mgongoni na kifuani anaitengeneza. Nilicheka niliposikia. Mchawi ndiye aliyetoa dawa.

Nilipiga picha kila tarehe moja, mahali pamoja, saa tatu asubuhi, bila poda. Bila picha ningeacha mwezi wa pili, maana kioo cha kila siku kinadanganya. Mei, hakuna kitu. Juni, baka ni lilelile, ila chunusi za mkorogo zimekwisha, maana krimu hii ni dawa ya chunusi pia. Julai, kingo zimeanza kufifia kama wino uliomwagiwa maji. Agosti nikakaribia kukata tamaa kwa sababu ilifanana na Julai. Mwishoni mwa Septemba sharubu hazipo, ukitazama kwa karibu sana unaona kivuli. Leo shavu la kushoto limesafika karibu lote, kipaji kimebaki na doa la ukubwa wa kifungo cha shati, na shavu la kulia limepungua kama nusu.

Kwa nini la kulia linasuasua? Hapa ndipo ile nyota ya tano ilipokwenda: krimu peke yake haiwezi kushindana na jua.

Daktari aliponiuliza upande wa dirisha nilidhani ananipotezea muda. Cherehani yangu ilikuwa mlangoni kwa miaka kumi na moja. Fundi hukaa mlangoni, kwa ajili ya mwanga na kwa ajili ya kuona nani anapita na nguo ya nani. Mlango wangu unatazama mashariki, mie nakaa nikitazama kaskazini, basi jua la asubuhi lote, kuanzia saa moja mpaka saa tano, lilikuwa likimiminika kwenye shavu la kulia. Miaka kumi na moja. Siku nilipolitambua nilikaa kwenye kile kiti nikaweka mkono shavuni na kivuli cha mkono kikafunika baka lote sawasawa, kama pateni iliyokatwa kwa ajili yake.

Nikahamisha cherehani ukuta wa ndani. Nikanunua taa ndogo ya LED ya shilingi 9,000. Mtaa mzima ukauliza kama nimegombana na mtu.

Jambo la pili ni pasi ya mkaa. Joto nalo huchochea melasma hata bila jua, na mie nilikuwa nikiinamia pasi ya mkaa saa nzima kila jioni, uso juu ya moto. Pasi nimemwachia mwanafunzi wangu, kijana wa miaka kumi na tisa asiye na baka wala wasiwasi. Nadhani hivi viwili, mlango na pasi, vimenisaidia sawa na tyubu mbili nzima. Sina kipimo cha kulithibitisha hilo. Nina picha za Juni, na cherehani ilihama tarehe 20 Juni, na Julai ndipo kingo zilipoanza kufifia.

Krimu ya kukinga jua ndiyo iliyonila fedha. Bila hiyo azelaiki ni kudeki sakafu bomba likiwa wazi. Ya kwanza niliyonunua ilikuwa nyeupe, namba 50 ya kinga (SPF), ikaniacha na uso wa kijivu kama nimepakwa unga wa muhogo, nikampa wifi yangu. Ya pili ni yenye rangi ya kahawia, na si urembo tu. Melasma huchochewa hadi na mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, siyo miale ya UV, ile ya jua isiyoonekana, peke yake, na krimu nyingi zisizo na rangi hazizuii mwanga huo. Inayosaidia kuuzuia ni oksaidi ya chuma, yaani kutu iliyosafishwa, ndiyo inayoipa krimu ule ukahawia. Namba 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB (ile UV inayounguza ngozi), namba 50 takriban asilimia 98, kwa hiyo usiuze kitenge kwa ajili ya kupanda kutoka 30 kwenda 50. Uza kitenge kwa ajili ya rangi inayolingana na uso wako. Kwenye maduka ya hapa nilikuta rangi mbili, moja ya mzungu na moja ya mzungu aliyekaa juani kidogo. Yangu ilibidi niagize Dar es Salaam.

Watu wengi hupaka kidogo mno, mie nikiwemo. Kipimo ni mistari miwili, urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo ya mbele. Ukifuata kipimo hicho na kurudia mchana, chupa ya mililita 50 ya shilingi 42,000 haifiki mwezi. Kwangu huisha wiki ya tatu au ya nne. Sizungumzi kwa furaha.

Na sisi tunaoswali tuna hesabu yetu. Krimu ya jua inatakiwa irudiwe kila baada ya saa mbili ukiwa juani. Mie nimeifunga na swala. Napaka kabla ya kutoka asubuhi, naiosha yote kwa sabuni kabla ya wudhu wa adhuhuri ili maji yafike kwenye ngozi, nikimaliza kuswali napaka upya. Baada ya alasiri, kama niko ndani, sirudii. Yenye rangi hutia doa mtandio mweupe, na doa lile halitoki kwa sabuni ya unga peke yake, sugua kwanza kwa sabuni ya kipande. Mitandio yangu ya kazini sasa ni ya kahawia na ya damu ya mzee, nimemaliza mjadala. Kwenye baiskeli navaa kofia pana ya ukindu juu ya mtandio. Vijana wa bodaboda wananiita mvuvi. Sawa.

Duka la dawa ninalonunulia azelaiki nalisifu kwa jambo moja. Mwezi wa pili, nilipokuwa sina subira, nilimwomba yule kijana tyubu ya mchanganyiko wenye haidrokwinoni, tretinoini (dawa ya jamii ya vitamini A) na steroidi ndani yake, niliyoisoma mahali. Ni dawa halali ya hospitali, na daktari huiandika kwa wiki chache. Akaniambia, "Mama, bila cheti siwezi, na kwa uso ulivyokuja hapa mara ya kwanza hata ukileta cheti nitampigia daktari kwanza." Nilinuna, nikaondoka, nikarudi kesho yake kununua krimu yangu. Ubaya wao ni kwamba haikai dukani muda wote. Inaisha, wanaagiza Dar, inakuja na basi mpaka Kange, na mara moja nilikaa siku tisa bila.

Kwa hesabu ya daftari langu la kazini: azelaiki tyubu tano 190,000, krimu za jua tisa pamoja na ile ya unga wa muhogo 370,000 na ushee, daktari mara tatu 60,000, taa 9,000. Ni nguo nyingi za kushona. Kama una fedha ya kitu kimoja tu, anza na kofia na krimu ya jua yenye rangi, na uhamishe kiti. Azelaiki ifuate.

Binti wa dada yangu, mwenye miaka ishirini na mbili, alitumia tyubu mojawapo kati ya zangu kwa madoa yaliyoachwa na chunusi, na yeye alisafika ndani ya miezi mitatu. Madoa ya chunusi si melasma, yana asili nyingine na mara nyingi huondoka mapema zaidi chunusi zenyewe zikitulia. Kwa mjamzito, daktari alisema azelaiki ni miongoni mwa chache ambazo huiandika bila hofu, tofauti na tretinoini. Kwa mwenye harusi wiki mbili zijazo, haifai, mtafute mpambaji mzuri. Na mwenye weusi wa bluu na kijivu baada ya miaka ya mkorogo, au doa moja linalokua, linalobadilika au kutoa damu, asiminye tyubu yoyote, aende akaonwe.

Wifi yangu alikuja juzi. Ile krimu nyeupe niliyompa hajaigusa. Alitaka nimwelekeze lile duka la kibakuli, maana mwanawe anaolewa Desemba. Nilimwonyesha picha zangu zote nane kwenye simu, ya tarehe moja Aprili ya kwanza, ile yenye vishipa na kidevu. Aliitazama sana. Kisha akaniuliza, je, ile taa ya elfu tisa niliinunua wapi, maana na yeye anauza vitumbua barazani upande wa mashariki.

Tyubu ya sita nimeshalipia. Inaingia Jumatano na basi la mchana, kama haikukwama njiani.